Neno na Sauti: Lotte Lehmann na Nyimbo Alizozichagua

Mwimbaji wa opera anapopanda jukwaani kuimba peke yake, bila mavazi ya mchezo, bila mandhari ya kuchorwa, bila okestra wala kiongozi wake, hubakiwa na vitu vitatu tu: sauti yake, piano moja na karatasi yenye orodha ya nyimbo. Sauti amejaaliwa na Mola. Piano ina mpigaji wake. Orodha ndiyo aitungayo mwenyewe. Katika opera, mtunzi na wakuu wa ukumbi ndio waamuao mwimbaji awe nani usiku ule: malkia, mjakazi, mke aliyesalitiwa. Katika tamasha la peke yake hakuna wa kumwamulia. Kila wimbo alioutia ameutia kwa hiari yake, na kila alioutoa ameutoa kwa sababu aijuayo. Kwa hiyo atakaye kumjua mwimbaji na aisome kwanza orodha yake, kama vile mshairi anavyojulikana kwa bahari anazozipenda kabla hajajulikana kwa maneno yake.

Miongoni mwa waimbaji wa karne ya ishirini, wachache wamefungamana na orodha zao kama Lotte Lehmann. Alikuwa soprano, yaani mwenye sauti ya juu ya kike, mzaliwa wa mji mdogo wa Perleberg huko Ujerumani, tarehe 27 Februari 1888. Alifariki Santa Barbara, California, mwaka 1976. Kati ya tarehe hizo aliimba miaka arubaini na mmoja, akabadili nchi na kupoteza nyumba, na ilipofika zamu ya sauti yenyewe kumwondokea, aliamua jambo ambalo waimbaji wengi hushindwa kuliamua: alichagua siku.

Yafaa kwanza kueleza aina ya nyimbo zinazozungumzwa hapa, maana opera na nyimbo hizi si kitu kimoja. Wajerumani huziita Lieder. Ni mashairi yaliyokwisha kuandikwa na washairi, mengi yao mashairi ya kusomwa kitabuni, ambayo mtunzi wa muziki aliyakuta, akayapenda, akayatilia sauti na piano. Franz Schubert, aliyefariki mwaka 1828 akiwa na umri wa miaka 31, aliacha zaidi ya nyimbo 600 za namna hii. Robert Schumann alifuata nyayo zake. Shairi moja laweza kutiliwa muziki na watunzi watatu au wanne, kila mmoja kwa fahamu yake. Na piano humo si mtumwa wa sauti. Mara nyingine hutangulia, mara nyingine hubisha, na mara nyingine huendelea kusema wakati mwimbaji amekwisha kunyamaza.

Kwa wasomaji wa pwani jambo hili si geni sana. Hapa shairi halijapata kuwa kitu cha macho peke yake: limetungwa lighaniwe, na mizani yake hupimwa kwa sikio kabla ya kuhesabiwa kwa kidole. Tofauti ni kwamba mghani wetu huchukua mahadhi yanayojulikana na kuyavisha maneno, ilhali mtunzi wa Kijerumani huchukua maneno yanayojulikana na kuyavisha mahadhi mapya. Pande zote mbili swali hubaki lile lile: nani mkubwa, neno au sauti?

Lehmann alilijibu swali hilo maisha yake yote, na jibu lake lilikuwa kwamba hakuna mkubwa. Katika kitabu chake More Than Singing, kilichotoka mwaka 1945, alipitia wimbo mmoja baada ya mwingine, akieleza shairi linasema nini, nani anayesema, yuko wapi, na amefikaje hapo. Aliwaonya vijana wasimwige mtu, hata yeye. Neno na sauti, kwa mafunzo yake, vina haki sawa. Mwimbaji anayesikiliza uzuri wa sauti yake tu hajaimba bado.

Si ajabu kwamba mafunzo hayo yalitoka kwake, kwa kuwa sauti yake haikuwa timilifu. Ilikuwa na joto na ukunjufu ambao waliomsikia hawakuusahau, na rekodi zake bado zina ushahidi huo. Walakini pumzi yake ilikuwa fupi. Alijulikana kwa kuvuta pumzi mahali ambapo mwimbaji mwingine angepita moja kwa moja, na wajuzi wa ufundi walimhesabia kasoro hiyo tangu ujana hadi uzee. Kwa maneno ya ushairi, alikuwa mghani aliyelazimika kutua katikati ya mshororo. Lakini mghani hodari akitua katikati ya mshororo, hutafuta neno la kutulia. Lehmann alijifunza kuvuta pumzi pale ambapo msemaji wa shairi mwenyewe angeivuta: mbele ya neno linaloogopwa, au baada ya neno lililouma. Upungufu ukageuka njia ya kusoma.

Mwanzo wake pia haukumpa sababu ya kiburi. Shule moja ya uimbaji jijini Berlin ilimwondoa kwa kumwona hana kipaji. Akaenda kwa mwalimu mwingine, Mathilde Mallinger, na mwaka 1910 akaanza kazi katika opera ya Hamburg kwa sehemu ndogo ndogo. Kutoka huko alihamia Vienna. Mwaka 1916 opera ya Vienna ilikuwa ikiandaa Ariadne auf Naxos ya Richard Strauss katika sura yake mpya, na sehemu ya Mtunzi, kijana wa kiume inayoimbwa na mwanamke, ilikuwa imepewa msanii mashuhuri Marie Gutheil-Schoder. Lehmann alikuwa akijifunza sehemu hiyo kama akiba tu. Gutheil-Schoder akaugua, akakosa mazoezi, na Strauss akamsikia yule wa akiba. Alitaka awe yeye, na akawa yeye. Usiku wa tarehe 4 Oktoba 1916 ulimpa jina katika mji ule, na sehemu aliyoiimba ilikuwa ya kijana asiyekuwa na mali wala cheo, anayeusifu muziki kuwa ni sanaa takatifu kuliko zote. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana litarejea.

Strauss alimwandikia pia historia nyingine. Katika opera yake Der Rosenkavalier, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1911 kwa maneno ya mshairi Hugo von Hofmannsthal, mna sehemu tatu kubwa za kike: Sophie, msichana anayechumbiwa, Octavian, kijana wa kiume inayochezwa na mwanamke, na Marschallin, bibi mwenye cheo na mume, anayempenda kijana huyo na kujua kwamba hatakuwa wake kwa muda mrefu. Lehmann aliziimba zote tatu, moja baada ya nyingine kadiri umri ulivyosogea. Ya mwisho ndiyo iliyobaki kuwa yake. Katika mlango wa kwanza wa opera hiyo Marschallin hujitazama katika kioo baada ya msusi kumaliza kazi, akaona uso wa mwanamke anayezeeka. Husema kwamba usiku mwingine huamka akazisimamisha saa za nyumbani. Kisha humwachilia kijana kabla kijana hajamwacha. Hofmannsthal aliandika sehemu ile kwa wepesi, bila kilio, na ugumu wa kuiimba umo katika wepesi huo.

Mwaka 1933 Wanazi walishika dola Ujerumani. Lehmann alikuwa tayari amekwisha kuimba Chicago mwaka 1930, na New York alikuwa amefanya tamasha lake la kwanza la peke yake mwaka 1932, katika ukumbi wa Town Hall ulioko Mtaa wa 43. Mwaka 1934 aliimba kwa mara ya kwanza katika Metropolitan Opera. Mwenyewe alisimulia kwa miaka mingi kwamba mwaka huo huo Hermann Göring alimwita Berlin na kumpa ahadi nono, naye akakataa kufungwa asiimbe nje ya Ujerumani. Mwanahistoria Michael Kater, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008, alionyesha kwamba simulizi hiyo ilitiwa nakshi, na kwamba yalikuwapo mazungumzo ya malipo na masharti kabla mlango haujafungwa. Haifai kulificha hilo. Ukweli usio na nakshi unatosha: mlango ulifungwa, na Ujerumani haikumpata tena. Mume wake, Otto Krause, alikuwa na watoto ambao mama yao, mke wa kwanza, alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Austria ilipomezwa na Ujerumani mnamo Machi 1938, Vienna nayo ikawa mji usiokalika kwa jamaa ile. Walihamia Marekani. Krause alifariki mapema mwaka 1939. Mwaka 1945 Lehmann akawa raia wa Marekani.

Katika miaka hiyo ya uhamisho ndipo orodha yake ilipokuwa kitu cha kuzingatiwa. Mwimbaji wa opera aliyefika nchi ngeni, mwenye jina kubwa na umri wa miaka hamsini, angeweza kujipatia riziki kwa njia rahisi: vipande vya opera vinavyojulikana na kila mtu, nyimbo mbili tatu za kufurahisha, na tabasamu. Lehmann naye hakuwa mgumu wa kufurahisha watu. Nyimbo nyepesi alikuwa nazo. Lakini uzito wa matamasha yake aliuweka kwingine. Pamoja na mpiga piano Paul Ulanowsky, aliyeanza safari naye Australia mwaka 1937, alijitia katika mafungu makubwa ya nyimbo ya Schubert na Schumann ambayo, kwa mazoea ya watu, yalikuwa mali ya wanaume.

La kwanza ni Die schöne Müllerin, nyimbo 20 za Schubert za mwaka 1823, juu ya kijana msaga nafaka anayefuata kijito hadi kwenye kinu, akampenda binti wa mwenye kinu, akanyang'anywa na mwindaji, na mwishowe akajitupa majini, kijito kikamwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto. La pili ni Winterreise, nyimbo 24 za mwaka 1827, juu ya mwanamume aliyekataliwa anayetoka mjini usiku wa baridi kali na kutembea asijue aendako. Maneno ya mafungu yote mawili ni ya mshairi Wilhelm Müller, aliyefariki mwaka 1827 akiwa na miaka 32. La tatu ni Dichterliebe la Schumann, nyimbo 16 za mwaka 1840, maneno ya Heinrich Heine.

Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji kuhamia kidogo katika lugha ya wenyewe. Kiswahili hakitenganishi yeye wa kike na yeye wa kiume. Mshairi wetu akiandika juu ya mpenzi aliyemwacha, hakuna kiambishi kinachomsaliti. Shairi la mwanamume laweza kutiwa kinywani mwa mwanamke bila kubadilisha silabi, na vizazi vya waimbaji wa pwani vimeufaidi uhuru huo pasipo hata kuufikiria. Kijerumani hakina stara hiyo. Mara nyingi viwakilishi na nomino zake hutangaza nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Mwanamke akiimba Winterreise, sarufi yenyewe inasimama mbele ya hadhira na kusema kwamba maneno haya si yake.

Lehmann hakuwa wa kwanza kuthubutu. Elena Gerhardt aliimba Winterreise kabla yake. Hata hivyo wapo waliouona uteuzi huo kuwa ni kujipa haki isiyo yake. Hoja yake ilikuwa hoja ya msanii: kwamba mwimbaji wa nyimbo hizi hajifanyi kuwa mtu yule, bali humfikiria mpaka hadhira nayo imfikirie, na kwamba dunia kubwa kama ile haifai kufungwa kwa sababu ya jinsi ya anayebisha hodi. Na alikuwa na ushahidi ambao wapinzani wangeuona wakitaka. Opera ilikuwa imekwisha kumvisha suruali, kama Octavian na kama Mtunzi, na watu wakampigia makofi. Iwapo mwanamke aruhusiwa kuwa kijana wa kiume akiwa amevaa nguo za kijana, kwa nini akatazwe akiwa amevaa nguo zake na kuyaachia maneno yafanye kazi?

Tena upande wa pili wa mizani ulikuwa haujapimwa. Schumann ana fungu jingine la mwaka huo huo wa 1840, Frauenliebe und -leben, nyimbo nane juu ya mwanamke tangu siku anapomwona mume wake mtarajiwa hadi siku anapomzika. Maneno ni ya Adelbert von Chamisso, mwanamume, na muziki ni wa Schumann, mwanamume. Kwa zaidi ya miaka mia waimbaji wa kike wamekuwa wakiimba moyo wa mwanamke kama ulivyodhaniwa na wanaume wawili, wala hapana aliyeuliza haki yao. Lehmann aliliimba fungu hilo pia, na ni miongoni mwa mambo aliyosifiwa sana. Aliyaweka mafungu hayo katika hazina moja, la mwanamume anayesema kama mwanamume na la mwanamume anayesema kama mwanamke, na yote akayatia pumzi moja.

Mwaka 1941 alirekodi Dichterliebe, na aliyepiga piano alikuwa Bruno Walter. Walter, kiongozi mkubwa wa okestra, alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, naye alikuwa Myahudi aliyefukuzwa kwanza Ujerumani na kisha Austria. Heine, mwenye maneno, alizaliwa Myahudi, na vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyotiwa motoni na Wanazi mwaka 1933. Kwa hiyo mwaka ambao jeshi la Ujerumani lilikuwa limeenea Ulaya, shairi la mapenzi la Kijerumani liliimbwa California na watu wawili ambao Ujerumani ile haikuwataka, kwa maneno ya mshairi ambaye Ujerumani ile ilimchoma. Katika rekodi hiyo hamna hotuba wala kilio cha siasa. Mna kijana anayependa mwezi wa Mei, anayeachwa, anayeota, na anayeomba jeneza kubwa la kuzikia mapenzi yake baharini. Uteuzi wenyewe ndio uliosema yaliyobaki.

Lugha nayo ilikuwa na gharama. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Metropolitan Opera iliziondoa opera za Kijerumani tangu mwaka 1917. Vita vya Pili havikufika huko, na opera za Wagner ziliendelea; lakini Kijerumani kilikuwa lugha ya adui, na mtu aliyekifungulia kinywa mbele ya watu alijua anafanya nini. Lehmann aliendelea kuimba Schubert na Schumann katika lugha yao. Alikataa kwamba Müller na Heine wametekwa pamoja na redio za Berlin. Mhamishwa hupoteza ardhi na jamaa. Akipoteza na lugha, hana tena anachoweza kukiita kwao.

Winterreise alilirekodi kati ya mwaka 1940 na 1941, mwaka mmoja au miwili tu baada ya kufiwa na mumewe na kuikosa Vienna. Baadaye alilichora pia kwa picha za rangi, wimbo kwa wimbo, maana hakuridhika kulisema kwa njia moja. Wimbo wa mwisho wa fungu hilo ni wa mzee mpiga kinanda cha mkono, anayesimama peku juu ya barafu nje ya kijiji. Sahani yake tupu. Hapana anayemsikiliza, na mbwa humzomea. Msafiri anamtazama na kumuuliza kama anaweza kwenda naye, na kama atampigia kinanda nyimbo zake. Jibu halitolewi. Piano ya Schubert katika wimbo huo ina noti chache mno, na sauti haipandi wala haishuki sana. Mwimbaji hana pa kujificha nyuma ya ufundi. Lehmann aliuimba karibu kama mtu anayesema.

Ndivyo ulivyoonekana mkono wa umri. Sauti ya soprano hutangulia kupungukiwa juu. Noti za kileleni hukauka kwanza, kisha huja kwa kujikaza, kisha haziji. Katika opera jambo hilo halina dawa, kwa sababu okestra ya watu themanini haiwezi kushushwa kwa ajili ya mtu mmoja kila usiku. Na mwaka 1945 Lehmann aliimba kwa mara ya mwisho Metropolitan, kama Marschallin. Lakini nyimbo za piano zaweza kushushwa. Mpiga piano huuhamisha wimbo mzima chini kwa hatua moja au mbili, na sauti iliyozeeka hupata tena mahali pa kukaa. Lehmann alifanya hivyo bila haya. Aliziacha nyimbo zilizodai kilele na pumzi ndefu, akazishika zilizodai fahamu. Ilikuwa kama kupanga nyumba upya baada ya chumba kimoja kuharibika: vitu vya thamani vikahamishiwa vyumba vilivyo salama.

Lakini mwenye nyumba anajua vyumba vingapi vimebaki. Tarehe 16 Februari 1951 alirudi Town Hall, ukumbi ule ule alioanzia New York miaka kumi na tisa kabla, akiwa na siku kumi na moja kufikia umri wa miaka 63. Orodha ya usiku ule haikuwa na kipande hata kimoja cha kutafutia makofi. Mlikuwamo nyimbo za Mendelssohn, aliyepigwa marufuku na Wanazi kwa asili yake. Za Peter Cornelius na Robert Franz, watunzi wa sauti ya chini ambao si wengi wanaowatia katika orodha. Wimbo wa Wagner, Träume, ambao maneno yake ni ya mwanamke, Mathilde Wesendonck. Na nyimbo za Schubert kutoka Die schöne Müllerin. Mtu aliyeisoma karatasi ile kwa makini angeona kwamba ni orodha ya magharibi, ya jua linalotua: ndoto, usiku, maji yanayopita.

Katikati ya tamasha alisogea mbele akazungumza. Aliwaambia watu kwamba huu ndio usiku wake wa kuaga. Ukumbi ukapiga kelele za kukataa. Alijibu kwa mzaha kwamba alitumaini wangepinga, lakini wasishindane naye. Kwamba baada ya miaka arubaini na mmoja ya hofu, mishipa na kazi ngumu, anastahili kupumzika. Kisha akamtaja Marschallin. Yule bibi hujitazama katika kioo akasema kwamba wakati umefika, na yeye naye amejitazama akasema vivyo hivyo. Alimshukuru Ulanowsky. Akaendelea kuimba.

Mwisho wa yote, kama wimbo wa nyongeza, aliimba An die Musik. Ni wimbo mfupi wa Schubert wa mwaka 1817, beti mbili za rafiki yake Franz von Schober. Mshairi anaiambia sanaa ya muziki kwamba mara nyingi, katika saa za kijivu, imempeleka katika dunia bora, na anaishukuru. Huo ndio mwisho wa shairi: shukrani. Mwimbaji aliyepata jina mwaka 1916 kwa kumsemea kijana anayeusifu muziki, sasa alisimama kuushukuru kwa nafsi yake. Beti ya kwanza ilipita. Katika ya pili, alipofika kwenye maneno ya mwisho, sauti ilikatika. Maneno ya shukrani hayakutoka. Alifunika uso kwa mikono yake, na Ulanowsky akaumalizia wimbo kwa piano peke yake, kama Schubert alivyouandika, maana piano humo ndiyo yenye kauli ya mwisho.

Tamasha lilirekodiwa, na nafasi ile tupu imo ndani ya rekodi. Wako wanaouona usiku ule kuwa ni kilio kilichozidi adabu. Husema kwamba kazi ya msanii ni kuifikisha huzuni kwa wengine, si kuzama ndani yake. Hoja yao ina uzito, na Lehmann mwenyewe angewaambia wanafunzi wake mfano wa hayo. Hata hivyo, orodha ndiyo imtetayo. Lau angetaka kulia mbele za watu, angechagua nyimbo za kulilia tangu mwanzo. Alichagua nyimbo zilizo ndani ya uwezo wake, moja baada ya nyingine, saa nzima na zaidi, na zote akazifikisha. Kilichomshinda ni neno moja la adabu, asante, ambalo kila mtoto hulisema. Pengine ni kwa sababu lilikuwa neno la pekee katika orodha nzima ambalo halikuwa la mshairi wala la mtu wa kubuniwa.

Baada ya hapo alifundisha. Santa Barbara, katika Music Academy of the West, chuo alichosaidia kukiasisi mwaka 1947, alikaa na vijana na kuwaonyesha wimbo kwa nusu ya sauti, au kwa kuusema tu, mkono ukipita hewani. Mmoja wa wanafunzi hao alikuwa Grace Bumbry, binti Mmarekani mweusi kutoka St. Louis. Mwaka 1961 Bumbry aliitwa Bayreuth, nyumba ya Wagner, kuimba sehemu ya Venus katika Tannhäuser. Wajerumani kadhaa waliandika kulalamika kwamba mungu wa kike wa Wagner hawezi kuwa mweusi. Usiku wa kwanza ukumbi ulimshangilia bila kuchoka. Swali alilokabiliwa nalo mwalimu, kama mwanamke ana haki ya maneno ya mwanamume, lilikuwa limemfikia mwanafunzi kwa sura nyingine, na jibu lilikuwa lile lile: wimbo ni wa anayeufahamu.

Rekodi za Lehmann zimebaki, zenye mkwaruzo wa sahani za zamani na pumzi zake fupi zinazosikika waziwazi. Asikilizaye kwa mara ya kwanza aghalabu husikia kasoro kabla ya uzuri. Akisikiliza tena, huku ameweka tafsiri ya shairi mkononi, huanza kuona kwamba kila pumzi imewekwa mahali pake, kama alama ya mkato iliyotiwa na mtu aliyelisoma shairi mara nyingi kuliko sisi.